Sukari mbadala, chipsi kavu na vinasaba: nini hukutana na nini, na wapi

Wiki tatu zilizopita mama yangu mdogo, anayekaa Tandika, alikificha kabatini kikopo cha sukari mbadala alichokuwa akitumia kwenye chai tangu alipoambiwa ana kisukari. Akarudi kwenye sukari ya kawaida, vijiko viwili kwa kikombe, asubuhi na jioni. Kilichomtisha ni ujumbe wa sauti wa dakika nne uliozunguka kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao. Msemaji, kwa sauti tulivu kama ya mtu wa hospitali, anasema soda za "zero" na sukari za wagonjwa zina "asidi amino" ambazo zikifika tumboni zinakata vinasaba na kuleta kansa.

Nilipokwenda kumjulia hali, hata salamu haikuisha akanikabidhi simu. "Wewe si unafundisha kemia, mwanangu? Sikiliza, halafu uniambie ukweli."

Nilisikiliza mara tatu. Ungekuwa uongo mtupu ningeukanusha palepale na kunywa chai yangu. Shida ni kwamba karibu kila kitu kilichotajwa mle kipo kweli kwenye sayansi, ila vimeshonwa pasipoungana. Asidi amino zipo. Viambata vinavyoharibu vinasaba vipo, na baadhi huzaliwa pale asidi amino inapokutana na sukari. Lakini mahali vinapozaliwa kwa wingi si kwenye kikombe cha chai cha mama mdogo. Ni kwenye karai la chipsi, tena chipsi ambazo hakuna aliyerekodi sauti kuzisema.

Tuanze na asidi amino, maana neno "asidi" peke yake linawafanya watu wafikirie maji ya betri. Protini ni kama ushanga uliotungwa. Punje za ushanga huo ndizo asidi amino, na mwili wetu unatumia aina 20. Ukila ugali kwa maharage, au dagaa, au yai, tumbo linakata uzi, punje zinaingia kwenye damu, kisha mwili unatunga shanga zake wenyewe: msuli, ngozi, nywele, damu. Kwa hiyo mtu akikuambia kitu fulani "kina asidi amino" kana kwamba ametaja sumu, jua kwamba maziwa anayompa mtoto wake yamejaa hizo hizo.

Vinasaba je? Hapa Dar wengi tumelizoea neno hili kwa kesi za nani baba wa mtoto, sampuli zinapopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini kazi yake hasa ni nyingine. Mfikirie fundi nguo wa Kariakoo mwenye karatasi ya vipimo ya kukatia shati. Kila shati jipya linakatwa kwa kufuata karatasi ile, na akija mwanafunzi anainakili. Vinasaba ndiyo karatasi ya vipimo ya kila seli, na kila seli inapogawanyika, karatasi nzima hunakiliwa. Sasa kitu chenye kunata kikigandia pembeni ya karatasi, mwanafunzi atakifuata kana kwamba ni sehemu ya mchoro, na mkono wa shati utatoka umepinda. Kuharibu vinasaba ndiko huko: kiambata kinagandia kwenye karatasi, au kinaichana.

Mwili umejiandaa. Ndani ya kila seli kuna mafundi wanaokagua na kubandua uchafu mchana na usiku, na makosa wanayoyarekebisha ni maelfu kwa siku. Wanasayansi watatu waliogundua jinsi ukarabati huo unavyofanyika, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2015. Saratani huanza pale kosa linapowaponyoka mafundi, likaangukia mahali pabaya, kisha makosa mengine yakarundikana juu yake kwa miaka. Soda moja haimpi mtu kansa. Wala sahani moja ya chipsi.

Kwenye karai

Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza kinachotokea asidi amino na sukari vikipashwa moto pamoja: vinaungana, vinageuka kahawia, vinatoa harufu. Kila mpishi anaijua kazi hii bila kujua jina lake. Ndiyo madoa ya chapati, ndiyo ganda la mkate, ndiyo kahawa inayokaangwa, ndiyo ukoko wa wali unaogombewa na watoto. Katika mmenyuko huo huzaliwa mamia ya viambata, na vingi ni ladha tu.

Kimojawapo si ladha. Asidi amino iitwayo asparajini ikikutana na sukari kama glukosi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 120, mahali pakavu, hutoa akrilamaidi. Viazi mviringo vina asparajini nyingi na vina sukari zake za asili. Hakuna aliyeviongezea kitu. Hili niliseme mapema kwa wale wanaoamini kwamba cha asili hakiwezi kudhuru: malighafi zote mbili zilitoka shambani.

Namna dunia ilivyokuja kulijua jambo hili inafaa kusimuliwa. Mwaka 1997, kusini mwa Uswidi, watu walikuwa wakichimba handaki la reli kupita chini ya kilima cha Hallandsås. Maji yakawa yanavuja ndani, wakaziba nyufa kwa kemikali yenye akrilamaidi. Ikachuruzika hadi kwenye vijito. Samaki wakafa, ng'ombe wakapooza, wafanyakazi wakalalamika ganzi mikononi na miguuni. Watafiti walipopima damu za wafanyakazi walihitaji watu wa kulinganisha nao, wasiowahi kulisogelea handaki. Ajabu ni kwamba hao nao walikutwa na alama za akrilamaidi, hata wasiovuta sigara. Imetoka wapi? Eden Tareke, Margareta Törnqvist na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stockholm wakawalisha panya chakula kilichokaangwa, alama zikapanda. Aprili 2002 wakatangaza pamoja na mamlaka ya chakula ya nchi yao: imo kwenye chipsi, kwenye mkate mkavu, kwenye biskuti. Watu walikuwa wakiila tangu moto ulipogunduliwa.

Ikiingia mwilini, ini huigeuza sehemu yake kuwa glaisidamaidi, na hii ndiyo inayonata kwenye karatasi ya fundi. Kwa panya waliopewa dozi kubwa imesababisha uvimbe, na kwa sababu hiyo tangu mwaka 1994 akrilamaidi imewekwa kundi 2A, "kuna uwezekano mkubwa kwamba inasababisha saratani kwa binadamu", na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Kwa binadamu wanaokula vyakula vya kawaida, tafiti kubwa zilizofuata hazijatoa jibu moja. Nyingine ziliona ongezeko dogo, nyingi hazikuona. Msimamo wa wadhibiti wa chakula ni wa busara: ipunguzwe kadiri inavyowezekana, bila kuwatia watu kiwewe. Ulaya tangu 2018 chipsi zilizo tayari kuliwa zimewekewa kigezo cha mikrogramu 500 kwa kilo, yaani nusu miligramu, na mzalishaji akizidi hapo anatakiwa arekebishe upishi wake.

Karibu na kituo ninachoshukia daladala Sinza kuna kijana anayekaanga chipsi. Nimesimama pale jioni nyingi nikimtazama. Viazi vikishamenywa na kukatwa anavitumbukiza kwenye ndoo ya maji, vinakaa humo nusu saa au zaidi, maji yanageuka meupe kama ya kuoshea mchele. Nilimuuliza kwa nini, akasema ili visigeuke vyeusi. Hajui kwamba anafanya kile kile wanachoshauri wataalamu wa Ulaya: maji yanaondoka na sehemu ya sukari na asparajini, na zikipungua hizo, akrilamaidi nayo inapungua.

Kisha sisi wateja tunaiharibu kazi yake. Anakaanga mara ya kwanza zinatoka za njano hafifu, anazipanga kwenye kabati la kioo. Anakuja mtu: "Nipe kavu, kaka. Kavu kabisa." Zinarudi kwenye mafuta yanayochemka, zinakaa, zinageuka kahawia, kingo zinakuwa nyeusi. Dakika hizo za mwisho ndizo zenye jambo, kwa sababu maji yamekwisha ndani ya kiazi na joto linapanda bila kizuizi. Chipsi yenye rangi ya ndizi mbivu na chipsi yenye rangi ya tende zimetoka kwenye ndoo moja, lakini si chakula kimoja.

Kosa linalosikika sana ni kwamba mafuta ndiyo yanayotengeneza akrilamaidi. Mafuta ni mchukuzi wa joto tu. Oveni inaitengeneza vilevile. Kinachoizuia ni maji: kitu kinachochemka hakizidi nyuzi 100. Kwa hiyo viazi vya kuchemsha, uji, ugali na mihogo ya nazi havimo kwenye habari hii hata kidogo. Na usihifadhi viazi kwenye friji, maana baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na ukija kuvikaanga vitaungua haraka na kutoa akrilamaidi nyingi zaidi.

Wauza kahawa wa barazani watauliza habari yao. Kahawa iliyokaangwa ina akrilamaidi, ni kweli. Hata hivyo IARC, iliyokuwa imeiweka kahawa kundi 2B, lenye ushahidi hafifu kuliko 2A, mwaka 1991 kwa hofu ya saratani ya kibofu, iliiondoa humo mwaka 2016 baada ya ushahidi wa miaka mingi kutoitia hatiani. Kikombe kizima si sawa na kiambata kimoja kilichomo ndani yake. Lililobaki ni joto lenyewe: kinywaji cha zaidi ya nyuzi 65 kiliwekwa kundi 2A mwaka huohuo, kwa ajili ya saratani ya koo la chakula, ugonjwa unaoitesa sana Afrika Mashariki. Acha kipoe.

Kuhusu nyama na samaki nitasema kidogo. Mwaka 1977 Takashi Sugimura na wenzake wa Tokyo walionyesha kwamba sehemu nyeusi ya samaki aliyechomwa hubadili vinasaba vya bakteria maabara. Humo pia asidi amino na sukari zipo, zikisaidiwa na kiambata kingine kilicho kwenye misuli. Mishkaki iliyolala kwenye ndimu na kitunguu saumu, ikageuzwa mara kwa mara, hutoa kidogo. Palipokuwa mkaa, kata utupe.

Tumboni

Mahali pa pili pa kukutania ni tumboni, na hapa ndipo sauti ya WhatsApp ilipochota nusu ya maneno yake.

Nyama za kusindika, kama soseji zinazokaangwa pembeni ya chipsi, huwekewa chumvi iitwayo nitraiti. Inaua vijidudu hatari na inaifanya nyama ibaki na wekundu wa kuvutia. Lakini ndani ya asidi ya tumbo, au kwenye moto mkali, nitraiti inaweza kuungana na vipande vya asidi amino na kuzaa nitrosamini. Mwaka 1956 Waingereza Magee na Barnes walionyesha kwamba moja ya jamii hiyo husababisha saratani ya ini kwa panya, na tangu hapo nyingi za ndugu zake zimekutwa na tabia hiyo hiyo: zinagandia kwenye vinasaba. Vitamini C huiwahi nitraiti kabla haijaungana, ndiyo maana viwanda huiongeza kwenye soseji.

Mwaka 2015 IARC iliziweka nyama za kusindika kundi la 1, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Kila gramu 50 zinazoliwa kila siku, sawa na soseji moja, zinaendana na ongezeko la takriban asilimia 18 la hatari ya saratani ya utumbo mpana. Asilimia hiyo wengi huisoma vibaya. Haimaanishi watu 18 kati ya 100 wataugua. Inamaanisha kama kwenye kundi fulani wangeugua 100, watakuwa 118. Ni ongezeko la kweli na ni la mtu anayekula kila siku, si la aliyekula kwenye sherehe.

Basi sukari mbadala

Jina hili moja linabeba vitu vingi visivyo na undugu. Na hapo ndipo mkanganyiko wote ulipoanzia.

Aspatemu ndiyo yenye asidi amino. Aliigundua James Schlatter mwaka 1965, Marekani, akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Ni punje mbili za ushanga, asidi aspatiki na fenilalanini, zimefungwa pamoja na kipande kidogo kinachogeuka methanoli. Utamu wake ni kama mara 200 ya sukari. Ikifika kwenye utumbo inakatwa kabisa, hivyo yenyewe haiingii kwenye damu. Zinazoingia ni zile punje, na glasi ya maziwa ina fenilalanini mara kadhaa ya ile iliyo kwenye glasi ya soda ya aina hiyo. Methanoli nayo hutoka hata kwenye matunda na juisi ya nyanya. Kuna watu wachache wanaozaliwa na hitilafu ya kutoweza kuvunja fenilalanini. Hao ndio wanaoandikiwa onyo kwenye lebo, na kwao onyo hilo ni la kutii.

Je, aspatemu inaweza kuungana na nitraiti? Maabara, ndiyo. Watafiti walichapisha jambo hilo mwaka 1993: aspatemu ikichanganywa na nitraiti nyingi kwenye chupa ya maabara, kinachotoka hubadili vinasaba vya bakteria. Nadhani aliyerekodi sauti ile alilisikia hili mahali. Asichokisema ni kwamba protini za kawaida zikifanyiwa hivyo hutoa jamaa za kiambata hicho hicho, na kwamba wingi wa nitraiti uliotumika kwenye chupa uko mbali mno na uliomo tumboni mwa mtu.

Kisha ikaja Julai 2023. Siku moja, taasisi mbili zikatoa maneno yaliyoonekana kupingana. IARC ikaiweka aspatemu kundi 2B, "huenda inasababisha saratani", kwa ushahidi hafifu uliohusu saratani ya ini. Kamati ya wataalamu wa viongezwa vya chakula ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ikabakisha kiwango kilekile cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni zaidi ya makopo tisa hadi 14 ya soda hiyo, kila siku.

Hazikupingana. Zilijibu maswali mawili. Ukisikia mtu anasema kuna nyoka uani, la kwanza ni je, ana sumu? La pili ni je, yuko umbali gani, na wako wangapi? IARC hujibu la kwanza tu, tena kwa kutaja uhakika wake: kundi la 1 wamemkamata na kumpima, 2A wamemwona vizuri, 2B wamemwona jioni kwa mbali na wanabishana kama ni swila au kenge. Kundi 2B limo pia jani zima la mshubiri lililokamuliwa, ile aloe vera ambayo baadhi ya waliosambaza sauti wanaiuza kama dawa. Kamati ya pili ndiyo inayoshughulika na umbali.

Mwezi Mei mwaka huohuo WHO ilikuwa imeshauri watu wasitegemee sukari mbadala ili kupunguza uzito. Ushauri huo uliwatoa waziwazi watu ambao tayari wana kisukari, ila sehemu hiyo haikusafiri na habari. Inaniuma, kwa sababu walioogopa zaidi ni haohao waliotolewa.

Sukralosi ni jambo jingine kabisa. Iligunduliwa London mwaka 1976, ni sukari ya kawaida iliyobadilishwa kwa klorini, tamu kama mara 600. Haina asidi amino hata moja. Ina maswali yake: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walichapisha kwamba kiambata kimoja kinachosalia wakati wa kuitengeneza, na pia kilichowahi kuonekana kwenye kinyesi cha panya walioilishwa, kilivunja vinasaba vya seli za maabara. Ni matokeo ya kufuatilia kwa makini, lakini ni ya seli kwenye kisahani. Na tangu 2019 taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za chakula inashauri isipikwe kwenye joto kali, nyuzi 120 hadi 250, maana inaweza kutoa viambata vya klorini vyenye madhara.

Kutofautisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: soma nambari kwenye lebo. 951 ni aspatemu. 954 ni sakarini. 955 ni sukralosi. 960 ni ile ya jani la stevia.

Nilimwomba mama mdogo akitoe kikopo kabatini. Tukavaa miwani wote wawili, tukakigeuza mbele ya dirisha. Maandishi madogo kama sisimizi: 955. Wiki tatu nzima alikuwa amekimbia asidi amino ambazo hazikuwamo. Asubuhi ile kipimo chake cha sukari cha kidole kilikuwa kimesoma 14.6, juu sana.

Hakusema kitu kwa muda. Akabandika birika, na chai ilipokuwa tayari akaitia sukralosi kwenye kikombe, baada ya kumimina. Nikamwambia hapo hapana tatizo, chai haifiki nyuzi 120.

"Na maandazi je?" akauliza. "Huwa nawatilia wajukuu hiyo hiyo, ili wote tule."

Hilo sikulitarajia. Mafuta ya maandazi yanafika nyuzi 170 na zaidi. Nikamwambia hapana, mama, kwenye karai usiitie. Tukakubaliana ya wajukuu ayatie sukari ya kawaida, kidogo, na ayaepue yakiwa bado ya dhahabu. Yeye siku hiyo alikula kiazi kitamu cha kuchemsha, nusu, akatuachia maandazi.